Kunona kwa Maji

Nilipoanza kuugua, watu walimpongeza mama yangu. Nilikuwa mtoto mwembamba tangu kuzaliwa, wa kuvikwa sweta mbili ili mifupa isionekane. Ghafla, kabla ya mvua za masika, mashavu yakajaa, miguu ikajaa, hata vidole vikawa vinene. "Mama Nyokabi, siku hizi unalisha mtoto!" majirani walimwambia tukitoka kanisani, na Mama alicheka kwa haya na furaha. Kwetu mtoto mnene ni sifa ya mama. Baba alininyanyua mbele ya watu, akajifanya amezidiwa na uzito, wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka nao. Kumbe nilikuwa nimebeba maji.

Naandika haya kwa sababu juzi mama mmoja kijana alibisha kwangu na mwanawe aliyevimba macho. Alikuwa amesikia kwamba mimi niliugua figo utotoni. "Dada, wewe ulipona vipi?" akaniuliza. Nilimjibu pale pale mlangoni, haraka haraka kama kawaida yangu, nikamsihi asikose kliniki, naye akaondoka. Alipokata kona ndipo nilipoona kwamba sikumwambia lolote la maana. Mambo ya dawa ataelezwa na daktari. Mimi nilitaka kumweleza yale ambayo daktari hana nafasi nayo, yaani jinsi mtoto anavyouvuka mwaka mzima akiwa dirishani.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Tulikaa Buruburu, zile nyumba za ghorofa moja zilizopangwa kuzunguka kiwanja kidogo tulichokiita korti. Baba alikuwa karani wa serikali. Mama alikuwa amewahi kufundisha watoto wadogo wa chekechea kanisani kabla hajanizaa. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na marafiki wawili wa kufa na kuzikana. Wa kwanza alikuwa Atieno wa nyumba ya pili, mwenye mdomo usio na breki. Wa pili alikuwa Zeinabu, ambaye baba yake alikuwa na duka la jumla la vitambaa, msichana mpole na mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu.

Atieno ndiye aliyesema ukweli wa kwanza. Asubuhi moja aliniangalia usoni njiani kwenda shule, akasema, "Wewe, macho yako yameenda wapi? Uso umekuwa kama mandazi!" Nilimpiga na begi. Wiki ile ile niliamka macho yamefumba kabisa, viatu havinitoshi, na soksi zikivuliwa zinaacha mfereji mguuni. Baba alinipeleka hospitali kubwa, na huko nikalazwa.

Masika yote niliyapitisha wodini, nikisikiliza mvua ikipiga mabati ya varanda. Nilijua kila ufa wa dari. Nilichomwa sindano hadi nikazoea, nikakojoa kwenye chupa kubwa iliyoandikwa jina langu, na siku maji yalipoanza kutoka nilikojoa kana kwamba bomba limepasuka. Muuguzi mmoja alinipigia makofi. Usiache kutafuta wa namna hiyo, ewe mama unayesoma; katika kila wodi yupo mmoja anayefurahia mkojo wa mtoto wa mwenzake.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti. Dawa kila siku. Chakula bila chumvi hata chembe. Na shule, alisema daktari, tusahau kwanza, kwa sababu kila mafua ya darasani yangeweza kuurudisha ugonjwa. "Labda mwaka ujao," akasema.

Mama alilishika neno hilo "labda" akalifanya ahadi. Tukiwa bado kwenye ngazi za hospitali aliniambia, "Januari utaingia darasa la saba na wenzako. Hutabaki nyuma hata kwa siku moja." Nilimwamini. Kwangu jambo lilikuwa moja tu, na wala halikuwa kufa, maana mtoto hajui kufa. Niliogopa kwamba Atieno na Zeinabu wangevuka kwenda darasa la saba, wafanye mtihani wa mwisho, waende sekondari, nami nibaki na watoto wadogo ninaowazidi urefu.

Basi meza ya kulia chakula ikawa darasa. Kila asubuhi somo la kwanza lilikuwa mkojo. Hospitali ilikuwa imempa Mama mrija wa kioo. Aliushika kwa kibanio cha nguo, akapasha mkojo wangu wa kwanza juu ya mshumaa, nasi tukautazama vichwa vikiwa karibu kugongana. Ukiganda weupe kama ute wa yai, ugonjwa upo. Ukibaki mwangavu, tumeshinda siku hiyo. "Hiyo ndiyo sayansi," Mama alisema, akizima mshumaa. Kisha hesabu, kisha Kiingereza, kisha jiografia. Hesabu za darasa la sita zilimshinda mara kwa mara. Alikuwa akinipa zoezi la kuandika, kisha anajifungia jikoni na kitabu changu apambane nazo, na mimi namsikia akizisema kwa hasira kama mtu anayegombana na mpangaji.

Chakula, jamani. Dawa ilinipa njaa ya fisi, na kilichokuwa mezani hakikuwa na ladha. Mama alipika sufuria mbili, yangu na ya Baba, na harufu zilitofautiana. Ugali sikulalamika, ugali hauna chumvi kwa mtu yeyote. Lakini githeri, yaani mahindi na maharagwe, bila chumvi ni kutafuna kokoto. Nililia mezani, nikasukuma sahani, nikamwambia Mama kwamba ananichukia. Yeye aliirudisha sahani mbele yangu. Nilikuwa mbaya, na ninamwambia kila mama anayeuguza, mtoto wako atakuwa mbaya. Ni mwili unaopiga kelele, usiyaweke moyoni.

Na mimi sijui kutulia. Hata sasa ninapoandika naamka kila baada ya mistari michache. Asubuhi korti ilikuwa tupu, watoto wote shuleni, na ule ukimya ulinikera kuliko sindano. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikafungua pazia, nikalifunga. Mama alipoona nitaivunja nyumba, akaanza kunitoa. Baada ya mvua kukatika tulitembea kila siku ambayo mkojo ulikuwa safi. Tulienda hadi kwenye reli kutazama mabehewa ya mizigo, akaniuliza kahawa inatoka wapi na inakwenda wapi. Siku nyingine tulielekea upande wa viwandani, si mbali na Mukuru, ambako vibarua walikuwa wakisubiri mlangoni wakiitwa kwa vidole. Upepo ulileta harufu ya sabuni, halafu ya biskuti. "Biskuti hutengenezwa kwa nini?" Mama akauliza. "Kwa unga, sukari, na vitu ambavyo mimi siruhusiwi," nikamjibu. Alicheka hadi akashika kiuno. Nilijifunza kwamba Nairobi ya asubuhi ina watu wake ambao wanafunzi hawawajui, wazee wanaoota jua, wauza mboga, wafungwa wa nyumbani kama mimi.

Saa za jioni zilikuwa za marafiki. Zeinabu alikuja na madaftari yake, akaniketisha, akanifundisha yote waliyofundishwa, kwa sauti ile ile ya mwalimu wetu, hata kikohozi chake. Atieno alileta habari. Nani amechapwa, nani amepelekwa shule ya bweni, nani amependa nani. Mama alisimama langoni na swali moja, "Nani ana mafua?" Wote walitikisa vichwa, hata yule ambaye kamasi zilikuwa zikionekana.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mwezi wa Julai mgeni alikuja na mafua. Nairobi ya Julai mnaijua, baridi isiyo na mvua, wingu limekaa juu ya mapaa kama kifuniko. Atieno alipiga chafya nyuma ya mkono wake mara moja tu. Baada ya siku chache nami nikaanza kukohoa, na asubuhi iliyofuata mkojo uliganda mweupe hadi juu ya mrija. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni na mshumaa ukiwa bado unawaka mkononi, nta ikamdondokea kidole, asiitoe.

Nikavimba tena, nikalazwa tena, nikarudi. Safari hii Mama alifunga lango kwa marafiki. Niligoma kusoma. Ndipo wale wawili wakaanza kusimama nje ya ua, chini ya dirisha langu la juu, Atieno akipiga kelele.

"Nyokabi! Sasa!"

"Fiti!"

"Mathe yako bado amekasirika?"

"Bado!"

"Mwambie mafua imeisha! Mwambie mimi ndio nakuambia!"

Zeinabu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Yeye aliinua daftari juu ya kichwa, ukurasa umegeukia kwangu, akasimama hivyo muda mrefu, nami sikuweza kusoma hata herufi moja kutoka kule juu. Sikumwambia. Nilijifanya naandika.

Mwezi wa Oktoba mijakaranda ilipochanua, dawa zilikuwa zimepunguzwa, na maji yote yalikuwa yametoka. Mwili uliobaki ulinishangaza. Mikono kama vijiti, shingo ndefu, magoti yenye pembe. Nilikuwa mzima kuliko nilivyokuwa mwaka wote. Mrija ulikuwa mwangavu kila asubuhi. Lakini sasa, tulipopita, hakuna aliyempongeza Mama. Wanawake walishusha sauti. Mmoja alimwuliza waziwazi, "Mama Nyokabi, kwani huyu mtoto hapewi chakula?" Mwingine alileta mafuta ya kupikia, akayaweka mezani bila kueleza. Mama alianza kunivalisha sweta mbili tena.

Habari zilifika Murang'a. Cucu, mama yake Baba, alikuja siku ya Jumamosi na kikapu cha ndizi na kuku aliye hai. Lazima mjue kwamba mimi nimeitwa jina lake. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba, na Cucu hakulichukulia hilo kama mzaha. Aliniita Mimi Mdogo. Nilipoumia, yeye alilalamika kwamba mwili wake unauma. Alinishika mkono wa juu, kidole gumba kikakutana na cha kati, akaniachilia.

"Nimekufa," akasema kwa Kikuyu. "Njooni mnione, nimekufa na bado natembea."

Alionja chakula changu, akakitema. Kesho yake baada ya kanisa alimketisha Baba. Nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia yote.

"Mtoto huyu anakwenda nami Murang'a. Atakunywa supu ya mifupa yenye chumvi na mafuta, atakunywa maziwa, na ifikapo mwaka mpya mtamkuta ana mashavu."

"Maitu, chumvi itamuua," Mama alisema. Maitu ndivyo alivyomwita mkwewe, yaani mama.

"Chumvi iliua nani? Mimi nililea watoto bila kuchemsha mkojo jikoni. Alipokuwa mnene mlikuwa na amani. Mmempeleka hospitali, amekwisha. Mimi sina elimu, lakini macho ninayo."

Nilimsubiri Baba. Baba alikuwa mtu mzuri, lakini mwaka ule ulimchosha hadi akawa anarudi nyumbani kwa kuchelewa na kula bila kuinua kichwa. "Labda apumzike huko kidogo," akasema hatimaye. "Hata wewe, Mama Nyokabi, pumzika."

"Na Januari?" Mama akauliza. "Na shule?"

"Shule haikimbii."

Nilikimbilia chumbani, nikarusha kitabu cha hesabu ukutani. Shule ilikuwa inakimbia! Ilikuwa ikikimbia kila siku chini ya dirisha langu ikiwa na sare na soksi nyeupe. Na zaidi ya shule, nilijua kile ambacho Cucu hakukijua. Nilikuwa nimeutazama mrija ule asubuhi zote. Nilijua supu yake ingenirudisha wodini, na huko Murang'a wangeona mashavu yanajaa, wakachinja mbuzi kwa furaha.

Mama hakupigana tena. Aliomba jambo moja, kwamba Jumanne ilikuwa siku ya kliniki, basi twende sote, Cucu amsikie daktari mwenyewe, kisha anichukue. Cucu alikubali. Hajawahi kumwogopa mtu.

Nyie mnaouguza mnalijua benchi. Benchi la kliniki ya watoto lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya watu wengi, na juu yake tulisogea kidogo kidogo kila jina lilipoitwa. Cucu alikaa katikati yangu na mwanamke mmoja kijana kutoka Mathare, aliyempakata mvulana wa miaka minne hivi. Mvulana alikuwa mnene ajabu. Mashavu yaliyong'aa, tumbo, miguu mizito kama ya mtu mzima. Cucu hakuweza kujizuia. Alimpa ndizi, akampapasa shavu, akamwambia mama yake kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe najua kulea. Mtoto nanona! Mungu mzuri." Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Ona hii yetu. Fundisha mama yake kulea."

Yule mwanamke alimtazama Cucu. Halafu uso wake ukavunjika, akalia bila sauti, mabega yakitikisika.

"Cucu, hii si kunona," akasema. "Ni maji. Hii ni maji yote. Wiki iliyopita alikuwa ananiona. Leo macho imekataa kufunguka. Majirani wa ploti wananiambia hongera."

Cucu alidhani hajasikia vizuri. Mwanamke akamshika kidole, akakibonyeza kwenye muundi wa mwanawe, akakiondoa. Shimo likabaki. Tulilitazama sote, mimi, Mama, Cucu, shimo la kidole chake kwenye mguu wa mtoto, likikataa kujaa. Cucu alilisugua polepole kama mtu anayefuta alama aliyoiweka mahali pasipo pake.

"Itatoka?" akauliza.

"Sijui. Ya huyu wenu ilitoka?"

"Ilitoka," Mama akasema. "Julai ikarudi. Ikatoka tena."

Mwanamke alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile, wala kabla wala baadaye. Alitazama mikono yangu ya vijiti, magoti yangu, shingo yangu, kwa tamaa, kama mtu anayeona nguo nzuri dukani. "Na amekonda hivi," akasema. "Ee Mungu, na amekonda hivi."

Wakaitwa, wakaingia. Cucu aliushika mguu wangu, akabonyeza muundi kwa kidole kile kile, akaondoa. Hapakubaki kitu. Akabonyeza tena pembeni. Akashusha soksi yangu, akaangalia, akaipandisha, akainyoosha vizuri. Tulipoitwa sisi, alikataa kuingia kwa daktari. Alisema ameshaongea na daktari.

Mvulana yule sikumwona tena, na sijui yaliyompata. Kila kliniki nilimtafuta kwenye benchi. Nakuambia ukweli kwa sababu ulikuja kwangu kutafuta ukweli. Wengine huwaoni tena, na hujui, na itakubidi uendelee kusogea.

Cucu alirudi Murang'a kesho yake, peke yake. Baba alimwuliza mkoba wangu uko wapi, naye akamjibu, "Kwani unamfukuza mwanao?" Langoni Cucu alimshika Mama mikono yote miwili na kumwambia maneno ya Kikuyu niliyoyasikia nusu tu, lakini Mama alirudi ndani akiwa amenyooka mgongo. Na jioni ile alifungua lango, akaita kwa sauti korti nzima isikie, "Atieno! Zeinabu! Njooni, lakini mkohoe mbele yangu kwanza!"

Januari ilikuja na jua lake kali. Daktari alisema nijaribu. Mwalimu mkuu alinipa maswali ya kupima, nikayajibu, mengine kwa sauti ya Zeinabu kichwani, akaniandika darasa la saba. Nilikuwa nimengoja siku ile mwaka mzima, na ilipofika niliichukia. Kila mtu alinihurumia. Walinipisha mlangoni, wakanibebea begi, wakaniuliza kama naumwa. Wasichana waliongea nami taratibu kama wanaongea na nyanya yao. Hata Atieno alikuwa mpole, na Atieno mpole ni jambo la kutisha. Niliketi kwenye dawati langu nikijiuliza kama mtu anaweza kurudi mahali na bado asiwepo.

Siku ya tatu mwalimu wa hesabu alitoka kidogo. Darasa likalipuka kwa kelele, kama kawaida. Nami nilipiga kelele kuliko wote. Nilikuwa na kelele za mwaka mzima. Mwalimu alirudi, akasimama mlangoni, tukanyamaza.

"Wote chini. Pigeni magoti."

Viti vilisukumwa, darasa zima likashuka sakafuni. Nami nikaanza kushuka.

"Nyokabi, wewe kaa," mwalimu akasema kwa huruma. "Wewe ni mgonjwa."

Nilibaki juu peke yangu, vichwa vyote viko chini, nikaiona ngozi ya kichwa katikati ya mistari ya nywele. Nilihesabu pumzi. Kisha nikasukuma kiti, nikashuka kwenye saruji, nikapiga magoti katikati ya Atieno na Zeinabu. Mwalimu alinitazama, nikamtazama. Akageukia ubao.

"Mjinga wewe," Atieno akanong'ona. "Si ungekaa?"

"Sogea," nikamwambia. "Unanibana."

Akanisukuma kwa kiwiko, kwa nguvu, ubavuni, kama alivyozoea kunisukuma zamani. Magoti yangu hayakuwa na nyama wala maji, mfupa mtupu juu ya saruji, na yaliuma vibaya sana. Nilipiga magoti hadi kengele ikalia, nikicheka kimya kimya, machozi yakinitoka.